Kuwapima wachezaji wa timu yako na kujua inakosa nini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Misingi

1. Nianzie wapi nikitaka kumpima mchezaji kwa haki?

Anza na kazi aliyopewa, si jina la nafasi yake. Mabeki wawili wa kulia wanaweza kuvaa jezi namba mbili wote, mmoja akiwa ametumwa apande mpaka kwenye kibendera cha kona na mwingine ameambiwa abaki nyuma awe beki wa tatu timu inaposhambulia. Ukiwapima wote kwa idadi ya krosi, wa pili ataonekana mvivu ilhali anatimiza alichoagizwa.

Jiulize mambo matatu. Timu ikiwa na mpira, anasimama wapi? Ikiupoteza, anakimbilia wapi? Akiondoka mahali pake, nani anamfunika? Mechi mbili au tatu zinatosha kupata majibu. Linalojirudia kila mechi ni agizo la kocha. Lililotokea mara moja ni uamuzi wake mwenyewe, na hapo ndipo pa kumsifia au kumlaumu yeye.

2. Wakati wa mechi nitazame nini hasa?

Chagua wachezaji wawili tu. Anayetaka kuwapima wote 11 huishia kuufuata mpira, na mchezaji yeyote huwa na mpira miguuni kwa dakika chache tu kati ya zile 90. Kazi kubwa hufanyika akiwa hana mpira.

Gawa karatasi vipande sita vya dakika 15. Kila mpira unapomfikia, weka tiki au msalaba kwa mambo matatu: kabla ya kupokea aligeuza shingo kuangalia nyuma yake? Mguso wa kwanza ulimpeleka mbele au ulimrudisha? Baada ya kutoa pasi alisogea au alisimama kuitazama? Usiandike sentensi, mchezo utakupita. Mwishoni linganisha kipande cha kwanza na cha tano. Mchezaji ambaye tiki zake huporomoka kuanzia dakika ya 60 ana tatizo la pumzi au la umakini, na dawa yake ni mazoezi au kutolewa mapema. Si sababu ya kumuuza.

Ukiwa uwanjani, kaa juu, ikiwezekana nyuma ya goli. Pale utauona umbali kati ya mabeki na viungo, jambo ambalo televisheni huficha. Kamera hufuata mpira, kwa hiyo beki aliyemsahau winga wa upande wa pili haonekani mpaka krosi imeshapigwa.

3. Mechi ngapi zinatosha kusema huyu anafaa au hafai?

Dakika 900, yaani mechi kumi kamili, ndipo picha huanza kutulia. Straika anahitaji zaidi, kwa kuwa mabao ni machache na bahati ina sehemu kubwa. Patrice Evra alitolewa wakati wa mapumziko katika mechi yake ya kwanza Manchester United, Januari 2006, na baadaye akawa beki wa kushoto wa timu iliyotwaa Ligi ya Mabingwa 2008. Mohamed Salah alipita Chelsea bila kupewa dakika nyingi. Msimu wa 2017–18 akaifungia Liverpool mabao 32 ya ligi.

Yapo yanayoonekana ndani ya mechi tatu: kasi, mguu anaoutegemea, kama anapenda kupokea mpira akiwa amebanwa au anajificha nyuma ya mpinzani. Hayo hayategemei bahati.

4. Alama za 6.4 au 7.8 kwenye programu za simu zina maana?

Kidogo. Kila kampuni ina kanuni yake, ndiyo maana mchezaji mmoja katika mechi ileile hupewa alama tofauti. Zote huhesabu matukio: pasi, shuti, kupokonya mpira. Beki aliyeua hatari kwa kusimama mahali sahihi, mpinzani akaamua kutopiga pasi ile, haandikiwi chochote. Zitumie kujua nani wa kumtazama upya, basi.

## Nafasi kwa nafasi

5. Kipa anayeruka vizuri ni kipa mzuri?

Si lazima. Kipa aliyejipanga vibaya hulazimika kuruka kwa mpira ambao mwenzake angeudaka amesimama. Linganisha ubora wa mashuti yaliyolenga goli na mabao aliyofungwa. Takwimu hiyo hutolewa na kampuni nyingi za data, na ikionyesha amefungwa mabao machache kuliko yaliyotarajiwa kwa msimu mzima, anaokoa pointi kweli.

Kisha tazama miguu yake. Tangu 2019 sheria inaruhusu golikiki ipokewe ndani ya eneo la penalti, na timu nyingi huanzisha mashambulizi hapo. Hesabu ni mara ngapi, akibanwa, pasi yake inamfikia mwenzake aliye huru, na ni mara ngapi anabutua mpira unaorudi baada ya sekunde nne. Kama kocha anataka kuanzia nyuma na kipa hawezi, mabeki watalaumiwa kwa presha ambayo si wao waliyoileta.

6. Beki wetu wa kati anapokonya mipira mingi kuliko wote. Mbona kocha hamwamini?

Kwa sababu kupokonya ni hatua ya mwisho ya ulinzi. Anayelazimika kujitupa chini mara tano kwa mechi huenda anachelewa kusoma mchezo mara tano. Angalia kwanza anakaa umbali gani na mwenzake (mita nane mpaka kumi na mbili mpira ukiwa katikati ni kawaida), kisha nani anaamuru mstari usogee mpira unaporudishwa nyuma. Ukiona mmoja anapanda na mwingine anabaki, mtego wa kuotea umevunjika, na anayebaki ndiye wa kuulizwa hata kama siye aliyepitwa.

Pasi nazo: asilimia 94 za beki anayempa jirani yake kila mara zina thamani ndogo kuliko 85 za anayevusha mpira mstari wa kwanza wa wapinzani.

7. Na mabeki wa pembeni?

Watazame pamoja na winga aliye mbele yao, kamwe si peke yao. Sababu iko swali la 13.

8. Namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji, hafungi, hatoi pasi za bao. Ana kazi gani?

Huyu hupimwa kwa yasiyotokea, na ndiyo nafasi inayokosewa zaidi na mashabiki, pamoja na baadhi ya marais wa klabu. Mwaka 2003 Real Madrid ilimleta David Beckham na kumwachia namba sita wake, Claude Makélélé, aende Chelsea. Msimu uliofuata ikamaliza ya nne, na haikutwaa ligi tena mpaka 2007. Leicester City iliyokuwa bingwa wa Uingereza 2016 ilimuuza kiungo wake N'Golo Kanté kiangazi kilekile, ikashuka mpaka nafasi ya 12. Bingwa mpya akawa Chelsea, alikohamia Kanté. Kulikuwa na sababu nyingine pia katika visa vyote viwili, lakini pengo la katikati lilionekana kwa macho.

Mtazame hivi. Mpira unapopotea, ndani ya sekunde tano yuko wapi? Mara ngapi mpinzani anapokea kati ya mabeki wenu na viungo, akapata nafasi ya kugeuka aelekee goli lenu? Kila kugeuka huko kunaandikwa kwa jina la namba sita kwanza, mpaka ithibitike vinginevyo. Anapopokea kutoka kwa beki, mwili umefunguka kuona pande mbili au ameligeuzia mgongo goli la adui? Faulo zake zinatokea wapi? Faulo katikati ya uwanja hukata shambulizi la kushtukiza. Faulo mita 20 mbele ya goli lake ni dalili kwamba alichelewa.

Kama ni mmoja na wenzake wawili wa katikati wote wanapanda, usimhukumu kabla ya kusoma swali la 13.

9. Winga anapoteza mipira mno. Atolewe?

Winga asiyepoteza mpira hajaribu kitu. Ni kawaida kabisa krosi nyingi zisifike: moja kati ya nne au tano ikimkuta mwenzake, anafanya vizuri. Kinachopaswa kukuudhi ni mahali anapoupoteza. Akipoteza karibu na eneo la penalti la wapinzani, timu ina mita 70 za kujipanga. Akipoteza akikata kuingia ndani karibu na mstari wa kati, beki wake wa pembeni akiwa ameshapanda, hilo ni bao linalokuja. Angalia pia kama ana njia moja tu: winga anayekata kwa mguu wa kushoto kila mara husomwa na mabeki baada ya mechi sita hivi.

10. Straika hajafunga mechi saba. Kwisha habari yake?

Uliza kwanza kama nafasi anazipata. Hesabu miguso yake ndani ya eneo la penalti na mashuti yake. Anayepata nafasi tatu nzuri kila mechi na kukosa atafunga, mara nyingi bila kubadilisha chochote. Asiyepata shuti kwa mechi nne mfululizo ana tatizo kubwa zaidi, ila huenda si lake: labda hakuna anayempa pasi ya kupenya, labda anaagizwa ashuke katikati kuvuta mabeki.

Nafasi nayo hubadilisha mtu. Thierry Henry alitumika pembeni Juventus na alifunga mabao machache. Arsenal ilimleta 1999, ikamgeuza mshambuliaji wa kati, naye akaondoka akiwa mfungaji bora wa historia ya klabu hiyo kwa mabao zaidi ya 220. Hata huko alianza kwa ukame.

## Takwimu bila kupotea

11. Mabao tarajiwa, yale yanayoandikwa xG, yanasomwaje?

Kila shuti hupewa namba kati ya 0 na 1 kulingana na uwezekano wa mashuti ya namna ile kuwa bao: umbali, pembe, kichwa au mguu, na kadhalika. Penalti huwa karibu 0.78. Shuti la mita 25 mara nyingi halifiki 0.05. Ukijumlisha mashuti yote unapata ubora wa nafasi ambazo timu imetengeneza.

Kosa la kwanza ni kuitumia kwa mechi moja. Timu yenye 0.6 inaweza kushinda 3–0 na si ajabu. Itumie kwa mechi kumi au zaidi. Kosa la pili ni kuacha penalti ndani: mshambuliaji mwenye mabao 12, matano yakiwa ya penalti, ana mabao saba ya kulinganishwa na wengine. La tatu ni kudhani anayefunga kupita matarajio msimu mmoja ataendelea vivyo hivyo. Wengi hurudi chini msimu unaofuata, na klabu iliyonunua mabao ya mwaka ule hubaki imelipia bahati.

Kwa kulinganisha wachezaji, gawa kila kitu kwa dakika: idadi mara 90, kisha gawanya kwa dakika alizocheza. Mabao 6 ndani ya dakika 800 ni 0.68 kwa mechi, mabao 10 ndani ya dakika 2,700 ni 0.33. Wa kwanza yuko juu, lakini kama alikuwa akiingia dakika ya 70 dhidi ya mabeki waliochoka, usimtarajie alete kasi hiyohiyo akianza.

12. Tunamiliki mpira asilimia 65 na tunafungwa. Takwimu zinadanganya?

Hazidanganyi, zinajibu swali ambalo hukuuliza. Umiliki hausemi mpira ulikuwa wapi. Mabeki wakipasiana mbele ya goli lao, asilimia hupanda. Leicester ya 2016 ilitwaa ubingwa ikiwa na umiliki chini ya nusu. Tazama badala yake ni mara ngapi mpira unaingia eneo la penalti la wapinzani ukiwa miguuni mwa mtu, na baada ya pasi ngapi. Timu inayohitaji pasi 20 kufika huwapa wapinzani muda wa kurudi wote.

## Ni kosa la mchezaji au la mfumo?

13. Tukifungwa, nitajuaje wa kulaumu?

Chukua mabao 15 ya mwisho mliyofungwa, ukiyatenga ya penalti. Kwa kila bao rudisha video sekunde 15 nyuma, kwa sababu mwisho wa shambulizi huonyesha aliyeshindwa kuzima moto na mwanzo wake huonyesha aliyeuwasha. Andika: mpira ulipotelea wapi na kwa nani, wachezaji wenu wangapi walikuwa nyuma ya mpira wakati huo, aliyetoa pasi ya mwisho alikuwa na mtu ndani ya mita mbili, mfungaji alikuwa mikononi mwa nani.

Sasa tafuta kinachojirudia. Mabao sita yakipitia upande wa kushoto, usikimbilie kwa beki wa kushoto. Angalia kama winga wake alirudi. Beki aliyeachwa peke yake dhidi ya wawili atapitwa hata akiwa bora duniani. Kama mpira ulipotea katikati huku mabeki wa pembeni wote wawili wakiwa wamepanda na namba sita amebaki na mabeki wawili tu, kosa ni la mpangilio: timu inayoshambulia inahitaji kuacha watu wasiopungua wanne nyuma ya mpira, wakiwa wameshasimama karibu na washambuliaji wa adui kabla mpira haujapotea. Kama wapiga krosi wako huru kila mara, tatizo liko kwa viungo wasiotelezea pembeni.

Ukishaondoa hayo yote na jina moja likabaki kwenye mabao matatu au zaidi, hapo ndipo una mchezaji wa kumzungumzia.

14. Kwa nini tunafungwa dakika za mwisho kila mara?

Sababu za kawaida ni tatu. Wachezaji wamechoka na kocha amechelewa kubadilisha, ingawa sheria inampa wachezaji watano katika nafasi tatu za kusimamisha mchezo, mbali na mapumziko. Au mstari wa mabeki unarudi nyuma taratibu kulinda bao huku viungo wakibaki walipo, kila mpira unaodondoka baada ya kugombewa unaokotwa na wapinzani. Au benchi halina mtu wa kushika mpira mbele, kila unaobutuliwa unarudi. Mbili za kwanza ni za benchi la ufundi. Ya tatu ni ya usajili.

15. Mipira ya kutengwa ina uzito gani?

Mkubwa kuliko inavyopewa. Kona moja moja huzaa bao mara chache mno, kama tatu au nne kati ya 100, lakini timu hupiga na kupigiwa karibu 200 kwa msimu kila upande. Tofauti kati ya timu iliyojipanga na isiyojipanga inaweza kufika mabao kumi, bila kununua mtu. Ukiona mnafungwa mpira ukianguka nguzo ya mbali kila mara, hilo hutibiwa mazoezini ndani ya wiki mbili.

## Kurekebisha kikosi

16. Lini jibu ni kusajili?

Baada ya maswali matatu kujibiwa hapana: tatizo linaweza kurekebishwa mazoezini? Mchezaji mwingine tuliye naye anaweza kuifanya kazi hiyo? Kubadilisha jukumu la jirani yake kungetosha? Mashabiki wengi huanzia mwisho, na ndiyo maana orodha zao za dirisha la usajili huwa na majina saba. Timu inayoingiza wachezaji saba wa kikosi cha kwanza kwa mpigo hutumia nusu msimu kufahamiana.

17. Nafasi ipi ianze kujazwa?

Ile ambayo ikijazwa inawaboresha wengine. Kwa kawaida ni uti wa mgongo: kipa, beki wa kati, namba sita, straika. Liverpool ilimuuza kiungo mshambuliaji Philippe Coutinho Januari 2018, mwezi uleule ambao beki wa kati Virgil van Dijk alijiunga nayo kwa pauni milioni 75, na kiangazi ikamleta kipa Alisson. Mabao ya kufungwa katika ligi yakashuka kutoka 38 hadi 22. Ikatwaa Ligi ya Mabingwa 2019 na ligi ya Uingereza 2020. Aliyeondoka alikuwa kipenzi cha macho.

Kisha hesabu kina. Watu wawili kwa kila nafasi ya ndani na makipa watatu hufanya 23, wawili chini ya 25 ambao ligi nyingi na UEFA (shirikisho la soka la Ulaya) huweka kama kikomo cha orodha ya wakubwa. Andika umri mbele ya kila jina. Wanne wa ukuta wakiwa wote juu ya miaka 30, mmoja aanze kurithiwa sasa, si wakidondoka pamoja. Makipa na mabeki wa kati hudumu zaidi. Mawinga wanaoishi kwa kasi huanza kushuka mapema.

18. Kwa nini wanamuuza kijana wa akademia tunayempenda na kubaki na mnunuliwa asiyecheza?

Ni hesabu za vitabu. Ada ya kumnunua mchezaji hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Wa milioni 60 kwa miaka mitano hugharimu milioni 12 kila mwaka, na mshahara juu yake. Baada ya miaka mitatu thamani iliyobaki vitabuni ni milioni 24, kwa hiyo akiuzwa kwa 20 klabu inaandika hasara ya nne. Kijana wa akademia hana ada, hivyo akiuzwa kwa 20 karibu zote ni faida. Klabu inayobanwa na kanuni za matumizi humtoa wa pili. Inauma, na kimpira mara nyingi ni kosa, lakini si wazimu.

UEFA tangu 2023 hugawanya ada kwa miaka isiyozidi mitano hata mkataba ukiwa wa minane.

19. Mkataba ukikaribia kwisha?

Miaka miwili kabla ndiyo wakati wa kuamua: aongezewe au auzwe. Katika miezi sita ya mwisho anaruhusiwa kusaini makubaliano na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bure, haki iliyotokana na hukumu ya Bosman ya Desemba 1995. Kwa hiyo ukimpima mchezaji mwenye mwaka mmoja uliobaki, swali si thamani yake sokoni bali gharama ya kumpata mwingine wa kiwango chake.

## Hali zisizo za kawaida

20. Amerudi kutoka jeraha la goti na si yule tena.

Baada ya upasuaji wa kano ya mbele ya goti, kurudi uwanjani huchukua miezi sita mpaka tisa, wakati mwingine mwaka. Kurudi uwanjani na kurudi kwenye kiwango ni mambo mawili. Hesabu zile dakika 900 za swali la 3 kuanzia alipoanza mechi kamili, usihesabu dakika kumi za kuingia mwishoni. Tazama anavyogeuka ghafla kwa mguu ule. Kasi ya mstari mnyoofu kwa kawaida hurudi mapema kuliko kugeuka.

21. Kocha mpya ameleta mfumo mpya. Tathmini zangu za zamani bado zinafaa?

Zile za mwili na mguso, ndiyo. Zile za nafasi zitupe, rudi swali la 1. Winga akifanywa beki wa pembeni katika mfumo wa mabeki watatu wa kati, atakimbia umbali mrefu zaidi na atashuti mara chache, na anayelinganisha mabao yake na ya mwaka jana anawalinganisha watu wawili tofauti.

22. Mechi tuliyopata kadi nyekundu mapema niihesabu?

Iweke kando. Takwimu zote za timu pungufu huharibika, isipokuwa za kipa. Ila andika nani alibadilisha nafasi bila kuambiwa mara mbili, kwa kuwa huyo ndiye utakayemtaka benchi likikosa beki mwezi wa mwisho.